Nani Aliyesema Kicheko Si Fasihi?



Katika kikao kimoja cha washairi hapa Mwanza, mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba shairi langu la kumcheka tajiri mpenda sifa lilikuwa "mizaha ya Mwaloni", na kwamba fasihi huanza pale kicheko kinapokoma. Sikumjibu siku ile, maana mkubwa hajibiwi mbele za watu. Namjibu leo kwa adabu, pamoja na wote wanaoamini kama yeye, nao si wachache.

Shahidi wangu wa kwanza namleta kutoka mbali. Jean-Baptiste Poquelin, ambaye dunia inamjua kwa jina la Molière, alizaliwa Paris mwaka 1622. Baba yake alikuwa fundi wa samani na mapambo katika nyumba ya mfalme, na kazi hiyo ingekuwa urithi wake. Aliiacha, na mwaka 1643 akaunda kundi la maigizo na wenzake. Kundi likafilisika, mwaka 1645 akatiwa gerezani kwa madeni, likiwamo la mishumaa. Alipotoka alizunguka mikoani takriban miaka 13. Oktoba 1658 alisimama mbele ya Mfalme Louis XIV, akaonyesha kwanza tanzia ya Corneille, kwani yeye naye alitamani heshima ya tanzia. Kisha akaomba ruhusa ya kuongeza kichekesho kifupi alichokitunga mwenyewe. Kichekesho kile, wala si tanzia, ndicho kilichompa ukumbi.

Mpinzani wangu atasema: huyo alikuwa mchekeshaji wa kasri tu. Haya, tuone. Mwaka 1664 alionyesha *Tartuffe*, mchezo wa mnafiki anayejifunika sala ili ale mali ya mwenyeji wake na kumtongoza mkewe. Ukapigwa marufuku. Mwaka 1667 akaurudisha akiwa ameurekebisha. Ukafungwa baada ya onyesho moja. Ruhusa kamili ilikuja mwaka 1669. Kama kicheko ni upuuzi, kwa nini wakubwa walikihofu kwa miaka mitano? Na alipofariki Februari 17, 1673, saa chache baada ya kuugua jukwaani akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, ilibidi mjane wake amwombe mfalme ili mumewe azikwe kwa heshima. Alizikwa usiku. Mtu wa mzaha mtupu haogopwi hata akiwa maiti.

Sasa turudi nyumbani, tuvuke maji hadi Ukerewe. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, tunamsifu kwa *Rosa Mistika*, kwa *Kichwamaji*, kwa *Kichomi*. Yaani tunamsifu kwa majonzi na kwa falsafa. Ni wangapi kati yetu wanaoutaja mchezo wake *Kaptula la Marx*? Humo Rais Kapera na mawaziri wake wako safarini kuitafuta nchi ya Usawa, naye mkubwa kavaa kaptula lisilo la kimo chake. Mchezo huo uliandikwa mwaka 1978, ukachapishwa mwaka 1999. *Tartuffe* ilingoja miaka mitano. Kicheko cha Mkerewe kilingoja 21. Riwaya zake za huzuni hazikusubiri hivyo. Basi ni kipi kilichokuwa na makali zaidi?

Hata katika tafsiri tumefanya upendeleo. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, upande wa mashariki wa ziwa letu, alitupa *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, na shukrani zetu kwake hazina kikomo. Lakini mchezo huo wa pili uliwekwa miongoni mwa vichekesho katika mkusanyo wa kazi za Shakespeare wa mwaka 1623. Sisi tumeusoma kama somo la uchumi, hata tukasahau kucheka. Molière naye amevikwa Kiswahili: A. Morrison alitupa *Tabibu Asiyependa Utabibu* na *Mchuuzi Mwungwana*. Ni lini mara ya mwisho ulisikia malenga akiitaja mojawapo?

Wala mtu asiniambie kwamba jambo hili ni la wageni. Tangu zamani Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinavyoshindana uwanjani. Huimbana, hukejeliana, hubuni vituko, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Nendeni Bujora mwezi Juni, kwenye sherehe za Bulabo, mkaone. Umati hauna adabu ya uongo: ukichoka, unahamia upande wa pili. Ni mshairi gani wa vikaoni aliyewahi kukubali kupimwa kwa mizani hiyo?

Nakiri jambo moja, kwa kuwa haki haina upande. Vichekesho vingi tunavyoonyeshwa siku hizi vinamcheka mnyonge: mtu wa kijijini kwa lafudhi yake, mlemavu kwa mwendo wake, maskini kwa kiraka chake. Mzee wangu akivikataa hivyo, niko naye. Lakini kosa lao ni la shabaha. Molière alimlenga mnafiki anayeheshimiwa, tabibu anayeua kwa maneno ya Kilatini, mchuuzi anayenunua uungwana. Kicheko kinachopanda ni fasihi. Kinachoshuka ni uonevu. Na tukiwaachia uwanja wasiojua tofauti hiyo, lawama ni yetu sisi tunaojua kutunga.

Maana ufundi tunao. *Tartuffe* na *Le Misanthrope* kwa asili ni tungo za vina, kila mshororo mizani 12 wenye kituo katikati, sita kwa sita. Sisi tuna shairi la mizani 16, nane kwa nane, na masikio yetu yamezoea kituo hicho tangu utotoni. Nani basi anafaa zaidi kumfanya mnafiki wa Paris azungumze kwa vina, kama si malenga wa Kiswahili? Na nani atatuandikia mnafiki wetu wenyewe, anayekula michango ya msiba huku akifuta machozi? Huyo tunaye, tunamjua kwa mwendo.

Mzee wangu, nakuamkia tena, shikamoo. Nakuachia ubeti huu, na ukikucheza shavu, nimeshinda:

Kicheko si upuuzi, msikitupe pembeni,
Humvua nguo mwizi, mchana, tena sokoni,
Mnafiki mchochezi, hufichuka hadharani,
Malenga, shikeni kazi, kitungeni, kighanini.