Kwenye bao hakuna refa wa kusingiziwa

Timu ikifungwa, shabiki hakosi pa kuegemea. Refa kabana, uwanja mbovu, kipa kaingia na mawazo ya nyumbani. Kwenye bao la kete visingizio hivyo havipo. Mashimo 32 yako wazi, kete 64 zinajulikana, na mpinzani hana anachoficha. Ukifungwa, umefungwa na kichwa chako mwenyewe.

Hapo ndipo vijana wa Nyegina wanaocheza bao wanapotakiwa kuanzia. Wasiuone huu kuwa ni mchezo wa wazee waliostaafu. Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa misheni ya Nyegina mwaka 1943, alikuwa mcheza bao hodari, na kwao Butiama si mbali na hapo. Kichwa kilichoongoza nchi hakikuona aibu kuinamia kete.

Ugonjwa mkubwa wa wachezaji wengi ni kukurupuka. Mtu anaona shimo la mwenzake limenona, anakula fasta, watazamaji wanashangilia. Kete zinazunguka, zinalala, na hapo ndipo anagundua kwamba ameacha nyumba yake wazi. Mpinzani anapita nayo yote. Huyo hana tofauti na beki anayepanda kushambulia dakika ya 88 timu yake ikiongoza 1-0.

Dawa ipo, na haihitaji kipaji. Kabla ya kugusa kete, mchezaji afanye mambo matatu. Kwanza, ahesabu mzunguko wote mpaka kete ya mwisho itakapolala, asiishie kwenye mlo wa kwanza. Pili, augeuze ubao kichwani na kujiuliza: nikimaliza hapa, huyu jamaa atanila wapi? Tatu, alinganishe angalau njia mbili. Kweli, penye nafasi ya kula ni lazima kula. Lakini mara nyingi nafasi ni zaidi ya moja, na kuanzia kichwa cha kulia au cha kushoto kunaweza kuzaa mchezo tofauti kabisa.

Mtihani mkubwa zaidi ni nyumba. Inaanza na kete sita na inaweza kunenepa. Kete ya mwisho ikiishia humo, mwenye nyumba ana hiari: alale, au aende safari kwa kuzimwaga zote. Asiye na nidhamu huenda safari kwa sababu watu wanapiga kelele "Mwaga! Mwaga!" Mwenye nidhamu huenda akiwa amekwishahesabu safari inaishia wapi.

Wacheza bridge, mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, wanalijua hili vizuri. Ubingwa wao wa dunia, Bermuda Bowl, ulianza mwaka 1950. Kila mtu anapewa karata 13, na mchezaji mzuri anahesabu kila iliyotoka ili ajue zilizobaki ziko kwa nani. Kwenye mashindano makubwa, karata zilezile hupelekwa meza nyingine na kuchezwa na watu wengine. Kwa hiyo hakuna wa kulalamika kwamba kapewa karata mbaya. Wengine walikuwa nazo hizohizo, wakafanya vizuri zaidi. Bahati imeondolewa, kimebaki kichwa.

Shabiki wa soka atauliza: haya yananihusu nini mimi? Yanamhusu sana, hasa wa Mara. Oktoba 2021, Biashara United iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 jijini Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho Afrika. Watu wakashangilia. Kwenye marudiano kule Libya timu haikufika, safari ilikwama kwenye vibali vya ndege, na ikaondolewa mashindanoni bila kufungwa uwanjani. Msimu huohuo ikashuka daraja. Nani alikosea, wenye kubishana waendelee kubishana. Kwa mcheza bao somo liko wazi: mlo wa kwanza si mchezo. Mchezo unaisha pale kete ya mwisho inapolala.

Jambo moja zaidi linawaangusha wengi: kucheza michezo kumi mfululizo bila kurudia hata mmoja. Aliyefungwa anasema "panga tena", anapanga, anafungwa kwa kosa lilelile. Hayo si mazoezi, ni mazoea. Kocha wa mpira anawakalisha wachezaji wake na kuwaonyesha goli lilipoanzia. Mcheza bao naye amuulize aliyemfunga: nilipotea wapi? Michezo mitatu iliyorudiwa namna hiyo inafundisha kuliko thelathini ya kelele.

Vijana wa Nyegina hawahitaji mfadhili wala nyasi bandia kulianza hili. Ubao mmoja unatosha, na sheria tatu za kijiweni. Ukigusa kete umecheza. Mtazamaji afunge mdomo mpaka mchezo uishe. Na aliyefungwa asinyanyuke kabla hajaeleza kosa lake lilikuwa kete ya ngapi. Wakizishika kwa msimu mmoja tu, mgeni atakayekuja kutamba Nyegina ajiandae kuondoka bila nyumba.