Kitate kimoja cha Kiingereza kilinipandishia kodi, sasa simcheki mtu

Mwaka juzi nilitoka kwa binamu yangu nikapata bedsita yangu ya kwanza huku Roysambu, ndani ndani kabisa ambako matatu haifiki. Kodi Sh9,000, depo Sh9,000, stima ya tokeni. Ajenti akanipa mkataba wa kurasa nne, wote kwa Kiingereza. Nilipitisha macho haraka nikitafuta palipotajwa pesa. Nikaona kodi itaangaliwa upya “biannually”. Nikajiambia, “bi” ni mbili, “annual” ni mwaka, basi ni kila baada ya miaka miwili. Poa. Nikatia sahihi, nikatuma pesa kwa M-Pesa papo hapo.

Miezi sita baadaye keateka alipita akisukuma karatasi chini ya milango. Kodi mpya: Sh10,000. Nikabeba mkataba wangu hadi ofisini, nimefura kama andazi. Mzee wa watu wala hakupaza sauti. Alitoa simu, akaandika lile neno, akanigeuzia kioo nijisomee: mara mbili kwa mwaka. “Kijana, la miaka miwili ni ‘biennial’,” akasema. Kisha akaniuliza nilisomea shule gani.

Sitadanganya, swali hilo liliniuma kuliko ile elfu moja.

Nyumbani nikawasimulia wasee kwenye grupu yetu ya WhatsApp nikidhani watanihurumia. Wapi! Walinicheka wiki nzima. Hadi leo kuna mmoja huniita “Biannual”. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu naamini sisi vijana tumekosea mahali pa kuelekeza kicheko chetu.

Kama ulisoma Kiswahili shule ya upili hapa Kenya, unakumbuka vitate. Maneno yanayokaribiana kwa sauti lakini maana zake ziko mbali kama Lamu na Busia. Mahari na mahali. Suka na shuka. Kura na kula. Mwanasiasa akisimama jukwaani akaomba “kula” badala ya “kura”, tunacheka kidogo, mmoja anasema afadhali huyu amesema ukweli, na maisha yanaendelea. Hakuna anayemuuliza alisomea wapi. Ulimi umeteleza, basi.

Ila kosa likiwa la Kiingereza, hukumu hubadilika. Hapo hatusemi ulimi umeteleza, tunasema akili imepungua. Mtu akikosea herufi moja kwenye mtandao wa X, picha ya kosa lake inasambazwa kote kabla hajapata nafasi ya kulifuta. Wengine wetu tulivaa monto shuleni kwa kuongea lugha ya nyumbani, na nadhani lile kovu bado tunalo. Tumekua, tumetoka shule, lakini tungali tunavalishana monto.

Sasa tuangalie hivi vitate vyenyewe. Mimi navigawa makundi mawili.

Kundi la kwanza ni vile vya kuchekesha tu. “Ingenious” ni mtu mbunifu, mwenye akili ya kuvumbua. “Ingenuous” ni mtu asiye na hila, anayeamini kila kitu kama mtoto. Ukiandika kwenye barua ya kuomba gange kwamba wewe ni “ingenuous”, umemwambia bosi wewe ni rahisi kudanganywa. “Discreet” ni mtu anayejua kutunza siri. “Discrete” ni kitu kilichojitenga na vingine. “Flaunt” ni kuringia watu kwa ulicho nacho, “flout” ni kukaidi sheria waziwazi. “Affluent” ni tajiri, “effluent” ni majitaka. Ukisema unatamani kuishi mtaa wa “effluent”, pole, wengi wetu tayari tunaishi huko.

Makosa haya hayaui. Na wenye lugha nao wameyafanya. Katika karne ya 17, Waingereza wenyewe walikuwa wakichanganya “ingenious” na “ingenuous”. “Discreet” na “discrete” zote zimetoka kwa neno moja la Kilatini, zikaachana njiani. Kwa hivyo anayekucheka kwa kosa hilo anakucheka kwa jambo lililowasumbua babu za wenye lugha.

Kundi la pili ndilo la kuogopa, kwa sababu linagusa mfuko na mwili. “Lessor” ni mwenye mali anayekodisha, “lessee” ni wewe unayekodi. Herufi mbili za mwisho tu, lakini ndizo zinazoamua nani atalipia bomba likipasuka. “Principal” kwenye karatasi ya mkopo ni zile pesa zenyewe ulizokopa kabla ya riba, “principle” ni kanuni au msimamo. “Waive” ni kuachilia haki yako kwa hiari, “waver” ni kusitasita. Ukitia sahihi mahali pameandikwa kwamba ume-“waive” haki ya kulalamika, hujasitasita bana, umeshaitoa. “Prescribe” ni kuagiza jambo lifanywe, “proscribe” ni kulipiga marufuku. “Hypertension” ni presha ya juu, “hypotension” ni ya chini.

Halafu kuna “inflammable”. Ukiliona kwenye tangi la mafuta unaweza kudhani hiyo “in” ya mwanzo inakanusha, kwamba kitu hakishiki moto. La hasha. Maana yake ni kwamba kinashika moto haraka, sawasawa na “flammable”. Huko Marekani, wataalamu wa usalama wa moto walianza kuhimiza watu watumie “flammable” tangu miaka ya 1920, kwa sababu waliona neno lile lingine linaweza kumpoteza mtu.

Soma hapo tena. Waliona neno linapoteza watu, wakabadilisha neno. Hawakuwauliza watu walisomea wapi.

Hospitalini ni vivyo hivyo. Kuna dawa inaitwa chlorpromazine, ya maradhi ya akili, na nyingine chlorpropamide, ya kisukari. Ukisoma haraka huwezi kuzitofautisha, na ukimpa mgonjwa ile isiyo yake unaweza kumuumiza vibaya. Dawa iliyofanywa ilikuwa kuandika sehemu zinazotofautiana kwa herufi kubwa: chlorproMAZINE na chlorproPAMIDE. Mwaka wa 2016, dawa ya sonona iliyoitwa Brintellix ilibadilishwa jina Marekani ikawa Trintellix, kwa sababu ilikuwa ikichanganywa na Brilinta, dawa ya kuzuia damu kuganda. Waliochanganya ni watu waliosoma hadi wakavaa koti jeupe. Sasa kama mfamasia anateleza, mimi na wewe ni nani?

Hapa ndipo nafika kwenye hoja yangu. Tunamcheka aliyesoma vibaya na kumsahau aliyeandika vibaya.

Baada ya yale mambo ya kodi, rafiki yangu anayesomea sheria aliniomba nimtumie picha ya ule mkataba. Akanionyesha mambo mawili yaliyonifanya nishike kichwa. Kwanza, kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani inalipa “biannual” maana zote mbili: mara mbili kwa mwaka, na pia kila baada ya miaka miwili. Yaani sikuwa mjinga, na mzee wa ofisini hakuwa mwongo. Neno lenyewe ndilo kigeugeu. Pili, kuna kanuni ya zamani katika sheria ya mikataba tuliyorithi kutoka Uingereza: kipengele kikiwa na utata, tafsiri huegemea upande usiomfaa aliyekiandika. Kwa lugha ya mtaa, ukiandika ovyo, ovyo hiyo ikuangukie mwenyewe.

Mimi nilikuwa na kitu cha kujitetea, lakini niliondoka ofisini kimya. Niliondoka kimya kwa sababu niliona aibu. Aibu hiyo imenigharimu. Elfu moja kwa mwezi, na miezi sita baadaye ikaongezwa elfu nyingine. Piga hesabu mwenyewe.

Najua kuna atakayesema, “Kijana, acha visingizio, nunua kamusi.” Sawa, nakubali nusu. Nilitia sahihi kitu ambacho sikukisoma vizuri na hilo ni kosa langu. Kamusi iko kwenye simu, na bando tunayochomea video za TikTok inatosha kutafuta neno moja. Kijana anayetaka kujipanga ajifunze vitate vya kundi la pili kama anavyojifunza namba yake ya siri. Hata hivyo, kamusi haingeniokoa siku ile, kwa maana ingenipa majibu mawili. Kilichohitajika ni mwandishi wa mkataba kuandika “kila miezi sita”. Maneno matatu. Kwa nini hakuyaandika?

Labda alinakili mkataba wa mtu mwingine bila kufikiri. Labda alijua ningekataa. Vyovyote vile, anayelipia ni mpangaji.

Na tusijifanye hakuna njia nyingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Matangazo ya kutuvuta tukope au tupange nyumba huja kwa Kiswahili safi, mengine kwa Sheng kabisa. Tukishanaswa, masharti yanageuka Kiingereza cha mahakamani. Kwani Kiswahili kinatosha kuomba pesa zetu lakini hakitoshi kutueleza zinavyoenda?

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Ajenti, mwenye nyumba, mwenye programu ya mikopo: andika idadi ya miezi, andika nani analipa nini, na utoe nakala ya Kiswahili kwa anayeitaka. Na wewe kijana mwenzangu, kabla ya kutia sahihi, uliza. Mwambie mtu wa ofisini akueleze kipengele hicho kwa maneno yake, kisha ayaandike pembeni. Akikuuliza ulisomea wapi, mwambie ulisomea mahali walikufundisha kuuliza maswali.

Mwezi uliopita nilihama. Nyumba mpya, mkataba mpya, na kama kawaida, pale kwenye kodi pakawa na “biannual”. Nikaomba kalamu. Nikalikata lile neno, nikaandika juu yake “kila baada ya miezi 24”, nikatia sahihi pembeni na nikamsukumia ajenti karatasi. Alinitazama kidogo, akacheka, akasema, “Wewe umeshaumwa na nyoka.” Kisha naye akatia sahihi yake.

Nimeituma picha kwenye grupu. Sijui kama wataacha kuniita “Biannual”, lakini wawili tayari wameniandikia pembeni wakiniomba niwasaidie kusoma mikataba yao.