Mabwanyenye wa China na hekaya tunayouziwa

Leo nimeamka na hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Ukihudhuria mkutano wowote wa kampuni changa za teknolojia hapa Nairobi, tazama saa yako. Kabla ya chai ya saa nne, mtu atasimama mbele akuambie kwamba Jack Ma alianguka mtihani wa kuingia chuo kikuu mara mbili, kwamba watu 24 waliomba kazi KFC wakachukuliwa 23 akaachwa yeye, na kwamba leo ni bilionea. Kisha atawatazama machoni na kuuliza: je, nyinyi mna kisingizio gani?

Hekaya yenyewe siipingi. Ma ameisimulia kwa kinywa chake mara nyingi, na Julai 2017 alipokuja kuzungumza Chuo Kikuu cha Nairobi ukumbi ulimshangilia kama mwanamuziki. Ninachopinga ni mkasi. Hekaya imekatwa, na vipande vilivyokatwa ndivyo tulivyohitaji kuviona. Tena mkasi huo una faida kwa mtu fulani, na mtu huyo si wewe unayekesha ukiandika msimbo.

Tuanze na pesa. Alibaba ilianzishwa mwaka 1999 katika nyumba ya Ma mjini Hangzhou, na waanzilishi walikuwa 18. Mpaka hapo tuko pamoja. Lakini mmoja wao alikuwa Joseph Tsai, mwanasheria aliyesoma Yale, aliyeacha kazi yake ya uwekezaji Hong Kong. Mwaka huohuo Goldman Sachs na wenzao waliweka dola milioni 5. Mwaka 2000 SoftBank ya Japani ikaleta milioni 20. Mwaka 2005 Yahoo ikatoa dola bilioni 1 ikapata takriban asilimia 40 ya kampuni. Kwa hivyo yule mwalimu wa Kiingereza aliyekataliwa kuuza kuku alikuwa na benki kubwa ya Wall Street mgongoni kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Kuna wakati nilifanya kazi mahali (sitapataja) ambapo mishahara ilichelewa miezi miwili, na bosi akatuambia tuvumilie kwa sababu hata Alibaba ilianza hivyo. La, bosi. Haikuanza hivyo.

Ma Huateng wa Tencent naye ana hekaya yake, na hii inatuuma zaidi sisi Waafrika. Alisomea tarakilishi Chuo Kikuu cha Shenzhen, akaanzisha Tencent na wenzake mwaka 1998, wakaiga ICQ na kutoa OICQ, ambayo baadaye iliitwa QQ. Watumiaji wakafurika, pesa zikakauka, seva zikawa mzigo. Nani aliingia? Naspers ya Cape Town, kampuni ya magazeti na runinga za kulipia. Mwaka 2001 ilinunua asilimia 46.5 ya Tencent kwa dola milioni 32 hivi. Mwaka 2018 iliuza asilimia 2 tu ya Tencent ikapata karibu dola bilioni 9.8. Soma tena hizo namba. Mtaji wa Afrika ulikuwa nyuma ya mmoja wa mabwanyenye wakubwa wa China, na bado tunaambiwa kwamba siri ni kuamka saa kumi alfajiri.

Kipande cha pili kilichokatwa ni serikali. Hapa nitasema kwa haki, kwa sababu najua kuna wasomaji watakaorukia kwamba Wachina walishinda kwa ukuta tu. Si kweli. eBay iliingia China na fedha nyingi ikashindwa uwanjani mchana kweupe. Taobao, iliyozinduliwa 2003, haikuwatoza wauzaji ada. Halafu ikaja Alipay mwaka 2004 na kutatua tatizo la kutoaminiana kwa njia rahisi sana: mnunuzi analipa, pesa zinashikiliwa katikati, muuzaji anatuma mzigo, mnunuzi akithibitisha ameupokea ndipo pesa zinaachiliwa. Hiyo ni kazi ya kichwa, na ninaiheshimu. Mwisho wa 2006 eBay ilifunga tovuti yake ya huko na kumwachia mbia wa Kichina.

Lakini baada ya hapo ukuta ulikuwepo, na ulisaidia. Facebook na Twitter zilifungiwa mwaka 2009. Google ilihamisha injini yake ya utafutaji kutoka China bara mwaka 2010. WeChat ilizaliwa 2011. Fanya hesabu mwenyewe.

Basi anayekulinda kwa ukuta anaweza pia kukufungia ndani yake. Tarehe 24 Oktoba 2020 Jack Ma alipanda jukwaani Shanghai akazisema benki za China kwamba zina fikra za duka la rehani, na akawakosoa wasimamizi wa fedha. Kampuni yake ya Ant, mama wa Alipay, ilikuwa inajiandaa kuuza hisa Shanghai na Hong Kong na kukusanya zaidi ya dola bilioni 34, mauzo ambayo yangevunja rekodi ya dunia. Tarehe 3 Novemba, siku mbili kabla ya hisa kuanza kuuzwa sokoni, zoezi zima likasimamishwa. Ma hakuonekana hadharani mpaka Januari 2021, tena kwa video fupi akizungumza na walimu wa vijijini. Aprili 2021 Alibaba ikatozwa faini ya yuan bilioni 18.2. Januari 2023 Ant ikatangaza kwamba kura zake katika kampuni hiyo zimeshuka kutoka zaidi ya nusu hadi takriban asilimia 6. Februari 2025 tukamwona tena Beijing, ameketi miongoni mwa wafanyabiashara wakimsikiliza Rais Xi Jinping.

Na yeye ana bahati. Xiao Jianhua alichukuliwa kutoka hoteli ya kifahari Hong Kong mwaka 2017, na mwaka 2022 akahukumiwa miaka 13. Sun Dawu, tajiri wa kilimo aliyezoea kuikosoa serikali, alipewa miaka 18 mwaka 2021. Zhang Yiming wa ByteDance, mwandishi wa programu kama mimi na wewe, alilazimika Aprili 2018 kuandika barua ya wazi ya kuomba radhi baada ya serikali kuamuru programu yake ya vichekesho ifungwe, akaahidi kuongeza wakaguzi wa maudhui kutoka 6,000 hadi 10,000. Mwaka 2021 aliacha ukurugenzi, akiwa bado hajafika miaka 40. Hao ndio watu tunaoambiwa ni mfano wa kujitegemea! Utajiri wanao, lakini nguvu wameazimwa.

Sasa kipande cha tatu, kinachonikera kuliko vyote: saa za kazi. Wenzetu wa China wana namba wanayoiita 996, yaani saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Ni saa 72. Sheria ya kazi ya China yenyewe inasema saa 8 kwa siku na 44 kwa wiki, na ziada isizidi saa 36 kwa mwezi. Machi 2019 waandishi wa programu walichoka wakafungua ukurasa kwenye GitHub wakauita 996.ICU, maana yake ukifanya kazi kwa 996 utaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Walikusanya majina ya kampuni zinazofanya hivyo. Nyota zilipita 200,000. Vivinjari kadhaa vya kampuni za China vikaanza kuuzuia ukurasa huo.

Jack Ma alijibu nini? Aprili 2019 alisema kupata nafasi ya kufanya kazi kwa 996 ni baraka kubwa. Baraka! Kwa yeye mwenye hisa labda. Desemba 2020 mfanyakazi kijana wa Pinduoduo, aliye katika miaka ya ishirini na kitu, alianguka njiani usiku wa manane akitoka kazini na wenzake, akafariki. Agosti 2021 mahakama ya juu kabisa ya China ilisema wazi kwamba 996 ni kinyume cha sheria. Hiyo hukumu sijawahi kuisikia ikisimuliwa kabla ya chai ya saa nne. Baraka ndiyo inayosimuliwa.

Kuna wahandisi ambao hekaya haiwataji kabisa. Zhang Xiaolong aliandika Foxmail karibu peke yake miaka ya 1990, kisha akaongoza kikosi kidogo Guangzhou kilichotengeneza WeChat. Wang Jian, aliyesomea saikolojia, alijiunga na Alibaba mwaka 2008 na kuanzisha huduma yao ya wingu mwaka uliofuata, huku wengi ndani ya kampuni wakimcheka. Vijana wake waliandika mfumo wao wenyewe hadi mwaka 2013 ukaweza kuendesha seva 5,000 kama tarakilishi moja. Mwaka huohuo Alibaba ilizima mashine yake kubwa ya mwisho ya IBM. Hapo ndipo pa kujifunza. Ma mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba hajui kuandika msimbo.

Mtasema ninaona wivu. Sawa, semeni. Lakini nijibuni swali hili: Zhu Zhaojiang ni nani? Ninajua wengi hamjui, ilhali huenda bidhaa yake iko mfukoni mwako sasa hivi. Ndiye mwanzilishi wa Transsion, kampuni ya Shenzhen inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix. Hakuja na hotuba. Alikuja kama muuzaji wa simu, akaona watu wanabeba laini mbili kwa sababu kupiga mtandao mwingine ni ghali, akaona stima inapotea siku nzima, akaona kamera zinageuza nyuso zetu kuwa kivuli. Akaunda simu ya laini mbili, betri ya kudumu na kamera inayoijua ngozi nyeusi. China kwenyewe simu hizo karibu haziuzwi. Mwaka 2019 hisa za Transsion ziliingia soko la Shanghai, na faida inakwenda huko.

Ndiyo maana ninakasirika. Wakati sisi tunakariri hekaya ya Jack Ma, Zhu alikuwa anatusoma sisi. Na Huawei ya Ren Zhengfei, iliyoanza 1987 kwa yuan 21,000 na ambayo hutenga zaidi ya asilimia 10 ya mapato yake ya kila mwaka kwa utafiti, ndiyo iliyotoa jukwaa jipya la M-Pesa mwaka 2015, seva zilipohamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya. Huduma tunayojivunia duniani kote ilihitaji jukwaa, na hatukuliandika sisi.

Kwa hivyo siku nyingine mtu akianza na KFC, inua mkono umuulize maswali manne. Mtaji ulitoka kwa nani? Serikali ilifungua na kufunga mlango gani? Nani aliandika msimbo, na kwa saa ngapi? Na je, wewe unayetuhubiria, hisa zetu ziko wapi? Akishindwa la mwisho, funga tarakilishi yako saa kumi na moja jioni uende nyumbani.

Haya, nimemaliza. Wenye kupinga waje na hoja, matusi wayaache nyumbani.