Tangi la samaki lisisafishwe kwa pupa

Tangi la sebuleni likitelekezwa hadi maji yakawa ya kijani, wengi humwaga maji yote na kusugua kila jiwe kwa sabuni. Huko ni kuwaua samaki kwa usafi.

Kwenye sponji ya chujio na changarawe huishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo kali sana. Klorini ya maji ya bomba huwaangamiza.

Afadhali kubadilisha robo ya maji kila baada ya siku chache, kwa maji yaliyoondolewa klorini, kufyonza uchafu wa chini kwa mpira, na kusuuza sponji kwa maji ya tangi lenyewe. Chakula nacho kipunguzwe. Samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji yenye pH karibu 9, hudhurika zaidi maji yakibadilika ghafla.