Bomba la Moshi na Bei Yake
Katika karne ya 19, bidhaa zilizotoka Unguja kwenda Tabora kupitia Bagamoyo zilipanda bei kwa ujira wa wapagazi na hongo za watemi. Leo vipuri vya magari navyo hupanda bei kila vinapobadilisha mikono njiani. Hivyo mwenye gari wa Tabora, kama mwenzake wa Pemba, kipande kinachonyumbuka cha bomba la moshi kikipasuka, humwambia fundi achomelee chuma kigumu. Injini hutikisika, chuma hupasuka tena, na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, huweza kuingia garini na kuua. Tunaiomba Serikali ipunguze kodi ya kipuri hiki, na wakaguzi wachungulie uvunguni, hata mwa magari ya Serikali yenyewe.