Gemu ya Wajapani imetuanika

Wasee, jana stima iliporudi nilianza Metaphor: ReFantazio, ile RPG ya Atlus iliyotoka 2024. Masaa matatu tu, nimebaki na maswali.

Stori iko hivi: mfalme ameuawa, na kiti kitaenda kwa atakayeungwa mkono na watu wengi zaidi. Wewe ni kijana wa kabila la Elda, dogo na linalodharauliwa. Unaingia mjini, watu washakukunjia uso kabla hata ya kukuuliza jina.

Halafu mnaniambia gemu ni upuzi wa watoto? Hapa Isiolo tuko Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru. Sokoni tunauziana poa. Kura ikikaribia, swali ni moja tu: "Huyo ni wa kwao nani?" Maji na kazi hakuna anayeuliza. Hata mimi nimewahi kuuliza hivyo, na sijivunii.

Sawa, maneno ni mengi na Kiswahili hakuna. Lakini kwenye gemu nikikosea, narudi pale nilipohifadhi. Ukikosea 2027, unakaa nayo miaka 5.

Utampigia nani, na kwa nini? Kabila lake si jibu.