Mwaka Wangu Uko Ofisini Kwako: Barua ya Wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma)

Profesa,

Chuo chako sikitaji. Wewe utakijua, na wenzako wenye desturi hiyo hiyo watajitambua bila msaada wangu. Jina langu na namba yangu ya usajili vimo kwenye barua nilizokwisha kuiandikia ofisi yako. Hii naiandika hadharani kwa sababu zile hazikujibiwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Wilaya ya Serengeti, mwenye stashahada. Shahada ya ualimu nilianzia chuo kingine, nikamaliza mwaka wa kwanza wote bila sapu hata moja. Mama akaugua. Nikaomba kuhamia kwenu kwa kuwa ratiba yenu ya mwisho wa wiki iliniruhusu kurudi kazini na kumuuguza. Niliambatanisha transkripti na maelezo ya kila kozi. Mlinipokea kwa maandishi, mkaniingiza moja kwa moja mwaka wa pili, mkachukua ada ya mwaka wa pili, kisha ya mwaka wa tatu.

Muhula wa mwisho kabisa, majina ya wanaotarajiwa kuhitimu yakabandikwa, langu halimo. Ofisi ya mitihani ikaniambia nina upungufu wa kozi mbili: Taaluma za Maendeleo, hiyo DS (Development Studies) inayosomwa na kila mtu, na Stadi za Mawasiliano. Zote mbili nilizifaulu kule nilikotoka. Zimo kwenye transkripti ile ile mliyoitumia kunipokea.

Niliiweka mihtasari miwili ya DS mezani kwa afisa wako, wa kwao na wa kwenu, ukurasa kwa ukurasa. Nadharia za maendeleo, ukoloni, Azimio la Arusha, utandawazi, jinsia, umaskini wa vijijini. Kilichotofautiana ni mpangilio wa mada tu. Afisa alisoma yote miwili kwa utulivu, akakiri kwa mdomo wake kwamba ni kitu kimoja. Kisha akanigeuzia skrini ya kompyuta nione mwenyewe: msimbo wa kozi ya kule una herufi mbili, wa kwenu una tatu, na mfumo hauupokei. Nikamuuliza nani anaweza kuurekebisha. Akasema nirudie kozi.

Kurudia kozi maana yake ni mwaka mzima, Profesa. Kozi hizo hufundishwa muhula wa kwanza tu, kwa hiyo nilisubiri muhula wa kwanza. Matokeo hupitishwa na Seneti, na mahafali ni mara moja kwa mwaka. Kozi mbili ambazo mtu ameshazifaulu zimekula mwaka.

Naomba uelewe mwaka huo ni nini kwa mwalimu. Mwenye stashahada yuko Daraja la IIIB, mwenye shahada yuko IIIC, na mshahara hutoka TGTS C kwenda TGTS D. Bila cheti siwezi hata kupeleka maombi ya kubadilishiwa muundo. Mwaka nilioupoteza kwenye kozi ni mwaka nilioupoteza kwenye mshahara. Tena haupotei mara moja ukaisha. Daraja linalofuata huhesabiwa kuanzia tarehe ya lile lililotangulia, kwa hiyo nikichelewa hapa nachelewa kule, na kule kunachelewesha kwingine, mpaka miaka 60 ya kustaafu inikute daraja moja nyuma ya mwenzangu niliyeanza naye kazi. Pensheni yetu inakokotolewa kwa wastani wa miaka mitatu ya mshahara mkubwa kuliko yote. Huo mwaka wenu utanifuata hadi kwenye kiinua mgongo, kwa sababu ya herufi moja kwenye msimbo.

Mengine siyapigii kelele sana. Mkopo wa benki niliochukua kwa ajili ya ada umeongezeka, na makato yake pia. Ijumaa jioni bado napanda basi kuja chuoni. Mama yangu alitaka kuniona nimevaa joho, na afya yake haiko mikononi mwa Seneti.

Sasa nimo darasani tena na vijana wa mwaka wa kwanza. Ni watoto wazuri, na mhadhiri anafundisha vizuri. Lakini katika Stadi za Mawasiliano wiki za mwanzo zilikuwa za namna ya kuandika barua ya kiofisi: anwani mbili, kichwa cha barua, hoja moja kwa aya. Nilikaa pale nikinukuu, huku barua zangu zilizoandikwa kwa utaratibu huo huo zikiwa hazina jibu ofisini kwako.

Huku kwetu, Profesa, tumezoea kuona elimu ya mtu ikipimwa kwa haki hata akiwa ameipata kwa njia isiyo ya kawaida. Mugumu hapa, na kule Masanga upande wa Tarime, ziko nyumba salama zinazopokea mabinti waliokimbia ukeketaji. Wapo waliokatiwa masomo njiani. Binti wa namna hiyo akishindwa kurudi shule ya kawaida, hufanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Akifaulu, anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani halimuulizi alikalia dawati la nani. Linamuuliza anajua nini, na jibu lake kwenye karatasi linatosha. VETA nao wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa fundi mwashi aliyejifunzia kazini: wanamjaribu kwa vitendo, wanampa cheti. Nchi hii inaamini mtihani kwa mtu asiye na darasa kabisa. Mimi nina darasa, nina mtihani, nina alama, nina muhuri wa chuo kinachotambuliwa, na bado sikuaminiwa.

Nenda Sirari, mpakani. Kuna familia pale zenye nyumba upande huu na ndugu Isebania, upande wa Kenya, na watoto wao wengine wamesoma sekondari Kenya. Mtoto akirudi na cheti cha KCSE, Baraza letu la Mitihani linakilinganisha na cha kwetu, ingawa mtaala ni wa nchi nyingine. Basi cheti kinavuka mpaka wa nchi, na DS yangu imeshindwa kuvuka kutoka chuo kimoja cha Tanzania kwenda kingine.

Wala hamwezi kusema hakuna kipimo cha pamoja. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ipo tangu 2005, na vyuo vyote viwili viko chini yake. Kipimo chake unakijua kuliko mimi: krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka ni krediti 120, shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Kiliwekwa ili kazi iliyofanywa mahali pamoja ihesabike mahali pengine. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Jumuiya nzima kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, ili mwanafunzi aweze kutoka Kampala kwenda Dar es Salaam na masomo yake. Nyinyi mnahudhuria vikao hivyo, na mnapiga picha. Mkirudi ofisini, mwalimu wa Serengeti anaambiwa mfumo haumpokei.

Na katika kozi zote, hii! Masomo ya lazima kwa wote ndiyo yanayofanana kuliko mengine. DS ilizaliwa Dar es Salaam katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, na 1973 ikawekewa taasisi yake pale Chuo Kikuu, ili daktari, mhandisi na mwalimu wote waijue hali ya wananchi watakaowatumikia. Vyuo vingine vikafuata mfano huo. Kama kuna somo ambalo mhitimu wa chuo kimoja angeweza kulipeleka chuo chochote nchini bila swali, ni hili. Limegeuzwa geti la kulipia. Anayehama analipishwa tena ada ya kitu alichokwisha kukilipia, na hakuna ofisi hata moja inayopata hasara kwa kumchelewesha. Hasara yote ni yake. Ndiyo maana hakuna anayeharakisha, na ndiyo maana naamini sitakuwa wa mwisho.

Ninachodai kwako kinaweza kufanyika bila senti moja ya bajeti. Anayehamia apewe siku ya kupokelewa, kabla hajalipa ada, karatasi iliyosainiwa inayoonyesha kozi kwa kozi: hii imehesabiwa, hii haikuhesabiwa, na kwa nini. Kama ningepewa karatasi hiyo ningeisoma DS mwaka wa pili, pamoja na nyingine, nisipoteze hata wiki. Na pale mnapotilia shaka kozi ya mtu, mpeni mtihani wenu wa mwisho aufanye bila kukaa darasani. Akifaulu, mhesabieni, akifeli, akae darasani, hatalalamika. Ningeufanya mtihani wa DS wiki ile ile niliyosimama mbele ya afisa wako.

Kwa walimu wenzangu wa Tarime na Serengeti mnaopanga kujiendeleza, na najua ni wengi: msihame chuo kwa ahadi ya mdomo. Daini maandishi ya kozi kwa kozi. Tunzeni muhtasari wa kila somo, hata yale ya lazima mnayodhani hayana shida.

Kwangu mimi binafsi, naomba faili langu lipelekwe kwenye kikao kijacho cha Seneti, kozi zangu mbili za awali zihesabiwe, na ada niliyolipa kuzirudia nirudishiwe. Tarehe ya kuhitimu iandikwe ile niliyostahili, maana mwajiri ataisoma tarehe hiyo. Nakala ya barua hii, pamoja na mihtasari yote miwili, nimeituma TCU.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Wilaya ya Serengeti, Mara.